Mgonjwa wa Selimundu Anapokwenda Kuishi Ugenini



Wapendwa wasomaji, katika ukurasa huu tunajibu swali tuliloulizwa na mzazi mmoja wa Mkula baada ya Misa ya Jumapili. Mtoto wake ana ugonjwa wa selimundu, ambao wengi wetu tunauita siko seli, na sasa amepata nafasi ya kusoma nchi za nje. Nyumbani ni mama anayejua dawa zake, ni mama anayemkanda viungo vikimuuma usiku, na ni mama anayemsemea hospitalini. "Huko ng'ambo," alituuliza mzazi huyo, "nani atamsemea?"

Swali hili si la familia moja. Vijana wa bonde letu wanakwenda kusoma Ulaya na kufanya kazi Uarabuni. Hata mtoto anayepanda treni ya TAZARA kwenda shule ya bweni upande wa Makambako na Njombe anaingia katika ugeni wa baridi na wa kuwa mbali na mama. Jibu letu kwa kifupi ni hili: mgonjwa atajisemea mwenyewe, na ni wajibu wetu kumwandaa mapema.

SELIMUNDU NI UGONJWA GANI?

Chembe nyekundu za damu zina kazi ya kubeba hewa safi ya oksijeni na kuipeleka mwilini. Kwa kawaida ni za mviringo na laini. Kwa mgonjwa wa selimundu, chembe hizo hugeuka kuwa ngumu na kupinda kama mundu wa kuvunia mpunga. Hukwama katika mishipa midogo, na sehemu inayokosa damu huuma vikali: mgongo, kifua, mikono au miguu. Tena chembe hizo hufa upesi. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini zilizopinda huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu na macho yake huwa ya njano.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi au laana. Mtoto huurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Ikiwa wazazi wote wana asili hiyo katika damu bila wao kuugua, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaliwa mtoto mgonjwa. Mwaka 1954 Daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo sababu selimundu imeenea katika nchi zenye malaria nyingi. Lakini mgonjwa aliyerithi pande zote mbili hana ngao hiyo; malaria humwangusha upesi kuliko wengine. Hapa Tanzania inakadiriwa kuwa watoto 11,000 hivi huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

MGONJWA ALIYEKUWA MGENI

Huenda wasomaji hawajui kwamba mgonjwa wa kwanza wa selimundu kuelezwa katika majarida ya udaktari ya Marekani alikuwa mwanafunzi mgeni. Aliitwa Walter Clement Noel, kijana wa miaka 20 kutoka kisiwa cha Grenada. Mwaka 1904 alivuka bahari kwenda Chicago kusomea udaktari wa meno. Alifika akiwa na kidonda karibu na kifundo cha mguu, na baridi ilipoanza alishikwa na kikohozi na homa. Mwezi Desemba alilazwa hospitali. Daktari kijana, Ernest Irons, aliitazama damu yake kwa hadubini akaona chembe zilizopinda. Mkubwa wake, Daktari James Herrick, aliandika habari hizo mwaka 1910, lakini jina la mgonjwa hakuliandika.

Noel aliugua mara kadhaa akiwa huko. Hata hivyo alimaliza masomo mwaka 1907, akarudi kwao na kufanya kazi ya meno mpaka alipofariki mwaka 1916 kwa ugonjwa wa mapafu, akiwa na miaka 32. Wakati ule hapakuwa na penisilini wala dawa ya kupunguza mashambulizi ya maumivu. Leo dawa zipo, na watoto wetu wanaweza kuishi zaidi yake, ikiwa watazitumia na ikiwa watasikilizwa.

MAUMIVU HAYAONEKANI

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maumivu ya selimundu hayaonekani kwa macho. Mgonjwa anaweza kufika hospitali akitembea, huku ndani anaungua. Katika nchi ambazo ugonjwa huu ni wa wachache, mganga anaweza kudhani kijana anatafuta dawa za kulevya kwa sababu tu anaomba dawa kali ya maumivu.

Hata kwenye hospitali kubwa mambo haya hutokea. Mwezi Novemba 2021 kundi la wabunge wa vyama vyote nchini Uingereza lilitoa taarifa kuhusu wagonjwa wa selimundu, na kuipa jina lenye maana ya "Hakuna Anayesikiliza". Taarifa ilionyesha wagonjwa waliocheleweshewa dawa na wengine ambao hawakuaminiwa. Haya yalitokea ingawa mwongozo wa matibabu wa nchi hiyo, tangu mwaka 2012, unataka mgonjwa mwenye shambulio la maumivu apewe dawa ndani ya dakika 30 tangu afike. Kijana anayejua hilo anaweza kulidai kwa adabu. Asiyejua atakaa kwenye benchi akilia.

KABLA YA SAFARI

1. Mfundishe mtoto kujisemea. Kuanzia miaka 12 hivi, mwacheni ajibu mwenyewe maswali ya daktari, nanyi wazazi mkae kando. Ajue jina la ugonjwa wake, dawa zake na vipimo vyake, kwa Kiswahili na kwa lugha ya huko aendako.

2. Ombeni barua ya daktari kwa Kiingereza, katika hospitali anakotibiwa, iwe ya Mtakatifu Fransisko Ifakara au nyingine. Iandikwe aina ya ugonjwa, kundi la damu, mara alizoongezewa damu, na dawa ya maumivu inayomfaa pamoja na kipimo chake. Iandikwe pia wingi wa damu aliyo nayo siku akiwa mzima. Wagonjwa wengi hutembea na damu kidogo siku zote. Daktari asiyejua hilo anaweza kushtuka na kumwongezea damu bila sababu. Fanyeni nakala tatu, moja ibaki nyumbani.

3. Dawa zikae katika mfuko wa mkononi, ndani ya pakiti zake. Kama anatumia haidroksiurea, aulize mapema ataipata wapi na atapimwa damu wapi, kwa kuwa dawa hiyo huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Asiiache bila ushauri, hata akijisikia mzima.

4. Mwenye kwenda Uarabuni awe mwangalifu zaidi. Katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, tramadoli na mofini ni dawa zinazodhibitiwa kwa sheria, na kuingia nazo bila kibali ni kosa. Aulize ubalozi kabla ya kufunga mizigo.

5. Asifiche ugonjwa ili apate kazi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kazi ya kushinda juani bila maji inaweza kumuua. Aulize kwanza ni kazi gani na nani atalipia matibabu.

6. Aliyetoka hospitali karibuni asipande ndege mpaka daktari amruhusu. Hewa ndani ya ndege ni kama ya mtu aliye mlimani, kwenye mita 1,800 hadi 2,400. Anywe maji mara kwa mara, avae sweta, na asimame kunyoosha miguu.

AKIFIKA HUKO

Baridi na ukosefu wa maji huamsha maumivu. Ulaya avae nguo nzito, glovu na soksi, na chumba kiwe na joto. Uarabuni jua ni kali nje, na ndani mashine za ubaridi hupuliza sana. Atembee na maji na shuka. Huko Omani ugonjwa huu unajulikana, maana wenyeji wengi pia wana asili yake, hivyo asione haya kuutaja.

Wiki ya kwanza, akiwa bado mzima, aende kujiandikisha kwa daktari. Awaambie watu wawili wanaoishi karibu naye, na kama kuna parokia, amwambie padre. Maumivu yakianza anywe maji, ajifunike, atumie paracetamoli. Lakini aende hospitali mara moja akiona moja ya haya:

- homa ya nyuzi 38 au zaidi
- maumivu ya kifua au kupumua kwa shida
- kulegea upande mmoja, kushindwa kusema, au kichwa kuuma ghafla
- kupauka ghafla au tumbo kuvimba
- kwa wanaume, uume kusimama bila kutaka kwa saa 2 au zaidi. Asinyamaze kwa aibu
- maumivu yasiyotulia kwa dawa za nyumbani.

AKIRUDI LIKIZO

Furaha ya kumpokea isitusahaulishe mbu wa bondeni. Mtu aliyekaa nje kwa miaka mingi hupungukiwa nguvu ya mwili ya kupambana na malaria, na kwa mgonjwa wa selimundu hatari ni kubwa zaidi. Aanze dawa ya kukinga malaria kama daktari alivyomwelekeza kabla ya kufika, alale ndani ya chandarua, na akipata homa apimwe siku hiyo hiyo. Msimpeleke shambani kulala kwenye dungu bila chandarua eti kwa sababu ni kwao.

MWISHO

Kwa mzazi wa Mkula tunasema: usimzuie mwanao kwa hofu, wala usimwachilie mikono mitupu. Kabla ya sanduku kufungwa, mketishe, umwambie akueleze ugonjwa wake kama anayezungumza na daktari mgeni. Akikwama, mrekebishe, arudie. Siku atakapoweza kueleza yote bila kukutazama usoni, ujue yuko tayari. Nasi katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tuendelee kuwaombea wagonjwa walio mbali, na kuwapigia simu, maana mwenye maumivu akiwa peke yake usiku huona usiku mrefu mno.