Mjamzito na kazi ya zizi: aliyoniuliza binti yetu wa Kitale

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Isha, simu yangu ililia. Alikuwa binti wa kaka yangu, aliyeolewa bara miaka minne sasa. Mumewe ni mtu wa Bungoma, lakini wote wawili wanafanya kazi na kuishi katika shamba moja nje ya mji wa Kitale. Shamba lenyewe lina ng'ombe wa maziwa, punda wa mkokoteni na farasi watatu wa mwenye shamba. Yeye ndiye anayefagia mabanda, anayewapa wanyama majani na maji, na kila asubuhi humpanda farasi mmoja kumzungusha shambani asije akalemaa kwa kukaa bure.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna heri?"

"Heri, shangazi. Nina miezi mitatu. Mama mkwe anataka niache kila kitu niende Bungoma nikakae kitako. Mume wangu naye asema wanawake wa huku hulima mpaka siku ya kuzaa. Nimsikize nani?"

Nilimpa hongera, kisha nikamwomba siku mbili. Mimi si daktari, na stashahada yangu si ya tiba. Nikaenda kwa mkunga ninayemwamini, nikasoma, nikauliza tena. Nilichokipata nimeona nikiweke hapa, kwa kuwa mabinti zetu wengi siku hizi wako bara kwa ndoa na kwa kazi. Na hata hapa kwetu, Lamu ina punda wake, na ufuoni Mombasa ngamia na farasi wanasubiri watu wa kupanda.

Jibu kwa ufupi ni hili: mama mkwe ana nusu ya ukweli, na mume ana nusu. Kazi yenyewe si adui wa mimba. Mwanamke mwenye afya, ambaye mimba yake haina matatizo, hufaidika kwa kutembea na kuushughulisha mwili. Lakini ndani ya zizi kuna mambo matatu ambayo si kazi tu: kuanguka, mzigo, na maradhi ya wanyama.

Kuanguka

Mpaka kama wiki ya 12, mji wa mimba huwa umejificha ndani ya mifupa ya nyonga. Baada ya hapo hupanda juu, na ikifika wiki ya 20 huwa umefika usawa wa kitovu. Maana yake ni kwamba kila wiki ngao ya mfupa inapungua. Kilichobaki mbele ni ngozi, misuli na maji yanayomzunguka mtoto.

Wakati huohuo mwili wa mama unabadilika. Homoni za mimba hulegeza viungo vya nyonga vijitayarishe kwa uzazi, na uzito wa tumbo humvuta mbele. Aliyekuwa hodari juu ya tandiko mwaka jana, mwaka huu mizani yake si ileile.

Naye farasi ni mnyama mwoga. Mfuko wa nailoni ukipeperuka, hushtuka na kuruka kando kabla mpandaji hajakaza hatamu. Hofu ya wakunga ni kondo la nyuma kubanduka kutoka kwenye ukuta wa mji wa mimba kwa ule mshtuko. Likibanduka, mtoto hukosa hewa na chakula, na mama anaweza kuvuja damu ndani bila yeye kuiona. Ndiyo sababu madaktari wa uzazi wa Marekani na wizara za afya za nchi nyingine huweka kupanda farasi katika orodha ya mambo ya kuepukwa mimba inapoingia, hata kwa mpandaji mzoefu.

Kwa hivyo kuhusu kupanda nilimwambia bila kuzunguka: teremka, mwanangu. Farasi atazungushwa na mwengine.

Akanijibu, "Sawa, shangazi. Na boda boda je? Kliniki naenda kwa boda boda."

Hapo alinikamata. Boda boda ilizaliwa jirani na kwao hapo, mpakani Busia, na leo ndiyo farasi wa Kenya nzima. Ni kipando kama kipando kingine, na barabara ya murram haina huruma. Kama kuna matatu, ni bora. Kama hakuna, basi apande peke yake na dereva anayemjua, avae kofia, na asikubali kubanwa watatu. Mwendo uwe wa taratibu, na mvua ikinyesha asubiri ipite.

Akianguka, au akipigwa teke au pembe ya tumbo, asingoje kuona kama kutauma. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama hana jeraha. Dalili za kukimbiza ni damu au maji kutoka chini, tumbo kuuma au kuwa gumu kama ubao, na mtoto kupunguza kucheza. Na kama kundi lake la damu ni lile la alama ya kutoa, yaani resasi hasi, awaambie wahudumu mapema. Kuna sindano ambayo hupaswa kutolewa ndani ya saa 72, ili damu ya mama isije ikapigana na ya mtoto. Kundi la damu hupimwa kliniki na kuandikwa katika kitabu cha mama na mtoto. Akitazame sasa, kabla ya shida.

Mzigo

Mtungi wa maji wa lita 20 ni kilo 20. Wilbaro iliyojaa samadi mbichi ni zaidi ya hapo. Mjamzito anaweza kubeba vitu vyepesi, lakini kuinama na kuinua mizigo mizito mara kwa mara, kutwa nzima, si jambo la kuzoea. Mtungi mmoja ugawanywe ndoo mbili au tatu. Samadi ijazwe nusu wilbaro, na tumbo likikua kazi hiyo ahamishiwe mtu mwengine. Punda yupo, na avute yeye. Lakini anayemfunga kwenye mkokoteni na kusimama karibu na miguu yake ya nyuma asiwe mjamzito. Teke la punda hufika usawa wa tumbo.

Kuna pia vumbi la majani makavu, na ile harufu kali ya mkojo wa wanyama inayochoma macho. Banda lifunguliwe hewa kwanza na sakafu inyunyizwe maji kabla ya kufagiwa.

Maradhi na dawa

Hapa ndipo wengi hawajui, na ndipo mume wake aliponyamaza nilipomweleza.

La kwanza ni brusela. Wafugaji wa Trans Nzoia na Bungoma wanaijua kwa homa zake zisizokwisha na viungo kuuma. Mjamzito akiipata, mimba inaweza kutoka. Huingia kwa maziwa mabichi, na kwa kushika kondo au maji ya uzazi wa ng'ombe au mbuzi, hasa aliyeharibu mimba. Maziwa yachemshwe mpaka yafoke, na hata ya kulala yasinywewe bila kuchemshwa. Ng'ombe au mbuzi akizaa, mjamzito akae mbali, na aliyemzalisha avue nguo na kunawa kabla ya kuingia nyumbani.

La pili ni paka wa bandani. Anafaa kwa panya, lakini kinyesi chake kinaweza kuwa na kijidudu cha toksoplasma, ambacho kikimwingia mama kwa mara ya kwanza akiwa na mimba kinaweza kumdhuru mtoto macho na ubongo. Asikiguse. Akilima au kuzoa takataka avae glavu, na mboga zioshwe vizuri. Panya nao huacha mkojo penye maji yaliyotuama, na mkojo huo hubeba maradhi ya leptospira. Buti za mpira si anasa.

La tatu ni dawa za mifugo. Ile sindano anayopigwa ng'ombe ili aje kwenye joto ina kiini kinachoweza kupita kwenye ngozi ya binadamu na kusababisha mimba kutoka. Mjamzito asiishike, asiwe karibu inapovutwa kwenye sindano, wala asiokote chupa yake. Dawa ya kupe vilevile: kunyunyiza na kuchanganya si kazi yake kwa miezi hii.

Mtoto akishazaliwa

Hili ndilo lililonitia wasiwasi zaidi, maana kule shambani mwanamke wa jirani alirudi kukamua siku ya nane.

Sisi watu wa pwani tuna arobaini. Mzazi hukandwa, hupewa uji na mchuzi wa moto, na watu wazima humzuilia mlango. Vijana siku hizi huiona kama mambo ya nyanya zetu. Lakini mji wa mimba huchukua kama wiki 6 kurudi ukubwa wake, na wiki 6 ni siku 42. Katika muda huo kidonda cha kondo ndani kinapona, damu inakatika, na misuli ya sakafu ya nyonga iliyovutika inarejea. Dini yetu nayo imemruhusu mjamzito na anayenyonyesha aache kufunga Ramadhani akihofia nafsi yake au mwanawe. Ikiwa ibada imepunguzwa uzito, wilbaro ya samadi ni nini?

Arobaini haina maana ya kulala tu. Kutembea kidogo kidogo ni vizuri, na mazoezi ya kukaza misuli kama anayezuia mkojo yanaweza kuanza mapema. Aende kliniki ndani ya saa 24 kama alizaliwa nyumbani mtoto, kisha wiki ya pili na ya sita. Baada ya hiyo ya sita, na mhudumu akimruhusu, kazi irudi polepole. Kupanda farasi ndiko kuje mwisho. Akiona mkojo unamtoka akiruka au akikohoa, au kitu kizito chini, basi bado. Aliyepasuliwa husubiri zaidi, mara nyingi miezi kadhaa, na katika wiki 6 za mwanzo asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake.

Na jambo la zizi lisilosamehe ni pepopunda. Vijidudu vyake huishi udongoni na katika mavi ya wanyama, farasi wakiwemo, na hupenya kwenye kitovu kibichi. Mama achanjwe sindano zake akiwa na mimba, na kitovu kisipakwe samadi, majivu wala mate, ila kile kliniki ilichotoa. Anayetoka bandani, baba au mama, avue nguo za kazi na anawe kwa sabuni kabla ya kumpakata mtoto.

Sheria inasemaje

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 29, inampa mfanyakazi mjamzito miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, na haki ya kurudi kwenye kazi yake. Aandike notisi angalau siku 7 kabla. Baba naye ana wiki 2. Kifungu cha 46 kinasema mimba si sababu halali ya kumfukuza mtu. Na yule anayeitwa kibarua siku zote? Kifungu cha 37 kinasema aliyefanya kazi mfululizo kwa jumla ya siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa wa mkataba wa mwezi, na haki zake zinabadilika.

Binti yetu analipwa kwa siku, na hana karatasi. Nilimwambia aanze kuandika tarehe zake kwenye daftari, na amwombe mwenye shamba ambadilishie kazi kwa maandishi: kupima maziwa, kuandika hesabu, kulisha ndama kwa ndoo nusu.

Juzi alinipigia. Farasi ameachiwa kijana mwengine, na wilbaro anasukuma mumewe. Mama mkwe ametulia, kwa ahadi kwamba mtoto akizaliwa watakwenda kwake Bungoma siku arobaini kamili. Kuhusu likizo ya malipo, mwenye shamba amesema "tutaona". Daftari lina kurasa mbili sasa. Namwombea kwa Mungu ajifungue salama, na nimeshamwambia mumewe kwamba nitakuja Kitale mwenyewe kuuliza hiyo "tutaona" maana yake nini, inshallah.