Mshahara wa Mtumishi wa Umma: Unavyoandaliwa, Makato Yake na Haki Zinazoambatana Nao

Kila mwezi, mwalimu wa shule ya msingi, muuguzi wa zahanati, afisa ugani na mtendaji wa kijiji hupokea mshahara kupitia benki. Kwa wakazi wengi wa kata, jambo hilo huonekana kuwa la mtumishi na mwajiri wake tu. Hata hivyo, orodha ya mishahara hugusa watu wengi zaidi. Inamgusa mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, mtoto anayetibiwa kwa kadi ya bima ya mama yake, kijana anayetarajia ajira ya kwanza, na kila mwananchi ambaye kodi yake ndiyo hulipa mishahara hiyo.

Makala haya yanaeleza jinsi mshahara wa mtumishi wa Halmashauri unavyoandaliwa, makato yanakokwenda, haki anazopata mtumishi na familia yake, na mahali ambapo makosa madogo ya kumbukumbu huzaa usumbufu mkubwa baadaye.

Kazi inayofanyika kabla ya mshahara kulipwa

Katika Halmashauri, kazi hii hufanywa na maafisa utumishi walio chini ya Mkurugenzi Mtendaji. Mtumishi mpya anaporipoti, huwasilisha barua ya ajira, vyeti vya elimu, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha Taifa na taarifa za akaunti ya benki. Afisa utumishi huhakiki nyaraka hizo, kisha huingiza taarifa katika Mfumo wa Taarifa za Kiutumishi na Mishahara, unaosimamiwa na Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora. Tangu mwaka 2021 unatumika mfumo mpya uliosanifiwa na wataalamu wa ndani ya nchi.

Taarifa zikishaidhinishwa, mtumishi hupewa cheki namba, ambayo hudumu naye katika utumishi wake hata akihama kituo. Malipo yenyewe hufanywa na Hazina moja kwa moja katika akaunti yake. Hivyo basi, afisa utumishi wa Halmashauri hashiki fedha za mshahara. Dhamana yake ni usahihi wa taarifa.

Mfumo hufungwa kila mwezi kwa tarehe iliyopangwa. Taarifa inayochelewa kuingizwa, iwe ya ajira mpya, kupandishwa cheo au kubadilishiwa kada, husubiri mwezi unaofuata. Tofauti ya fedha inayotokana na kuchelewa huko ndiyo huitwa malimbikizo ya mshahara, na hulipwa baada ya kuhakikiwa upya.

Kusoma hati ya mshahara

Hati ya mshahara hupatikana kwa njia ya mtandao, na kila mtumishi hufungua yake kwa kutumia nywila. Ili kuelewa yaliyomo, uchukuliwe mfano wa mtumishi ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 800,000 kwa mwezi, hana posho inayotozwa kodi, ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi kinachotoza ada ya asilimia 2, na anarejesha mkopo wa elimu ya juu.

- Mchango wa pensheni, asilimia 5: shilingi 40,000.
- Kodi ya mapato, inayokokotolewa baada ya kuondoa mchango wa pensheni: shilingi 68,000.
- Bima ya afya, asilimia 3: shilingi 24,000.
- Ada ya chama cha wafanyakazi, asilimia 2: shilingi 16,000.
- Marejesho ya mkopo wa elimu ya juu, asilimia 15: shilingi 120,000.

Jumla ya makato ni shilingi 268,000, na kinachoingia benki ni shilingi 532,000. Mtumishi asiyedaiwa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu angepokea shilingi 652,000 kwa mshahara huohuo. Ndiyo maana watumishi wawili wa cheo kimoja, wanaofundisha shule moja, huweza kupokea fedha tofauti bila yeyote kuwa amepunjwa.

Makato mengine ni ya hiari, hususan mikopo ya benki na ya vyama vya akiba na mikopo. Utaratibu wa Serikali unataka makato yote yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Kwa mtumishi wa mfano huu, theluthi hiyo ni takriban shilingi 266,667. Kinga hiyo ipo ili mkopo usimfikishe mtumishi mahali pa kushindwa kula na kufika kazini. Hata hivyo, haihusu madeni anayoyachukua mitaani nje ya orodha ya mishahara, na hapo ndipo baadhi ya watumishi hujikuta wakikabidhi kadi zao za benki kwa wakopeshaji wasio rasmi.

Sehemu ya mwajiri isiyoonekana benki

Mshahara unaoingia benki ni sehemu tu ya malipo ya mtumishi. Kwa kila asilimia 5 anayochangia katika Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma, PSSSF, mwajiri huongeza asilimia 15. Mtumishi wa mfano huu huchangia shilingi 40,000, mwajiri huchangia 120,000, na Mfuko hupokea shilingi 160,000 kila mwezi kwa jina lake. Mfuko huo ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 iliyounganisha mifuko minne: PSPF, LAPF, GEPF na PPF.

Mtumishi huweza kustaafu kwa hiari akiwa na umri wa miaka 55 na hulazimika kustaafu afikapo miaka 60. Ili apate pensheni ya kila mwezi, anatakiwa awe amechangia kwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Pamoja na pensheni ya uzeeni, Mfuko hulipa mafao ya ulemavu, ya uzazi, ya kukosa ajira na ya wategemezi pale mwanachama anapofariki dunia.

Kwa upande wa matibabu, mwajiri huongeza asilimia 3 juu ya asilimia 3 ya mtumishi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Mchango huo humhudumia mtumishi, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne.

Aidha, mwajiri huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, asilimia 0.5 ya mshahara, bila mtumishi kukatwa chochote. Mfuko huo humlipa mfanyakazi anayeumia au kuugua kutokana na kazi, na huwalipa wategemezi wake endapo atafariki kwa sababu hiyo. Muuguzi anayepata ajali akielekea kwenye huduma ya mkoba kijijini, kwa mfano, yumo kazini. Tukio hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya miezi 12. Familia nyingi hupoteza haki hiyo kwa kudhani kwamba ajali ya kazini ni ile ya kiwandani peke yake.

Haki nyingine za kiutumishi

Mbali na mifuko, Sheria ya Utumishi wa Umma na Kanuni za Kudumu za mwaka 2009 zinaweka haki nyingine. Mtumishi hupata likizo ya mwaka ya siku 28, na kila baada ya miaka miwili hulipiwa nauli ya likizo yeye pamoja na familia yake. Mwanamke aliyejifungua hupata likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Anayehamishwa kwa manufaa ya umma hustahili kugharamiwa safari, mizigo na posho ya usumbufu. Mtumishi anapofariki akiwa kazini, mwajiri hugharamia jeneza, sanda na usafiri wa mwili hadi mahali pa maziko.

Ni muhimu ieleweke kwamba si kila anayehudumia umma yumo katika orodha hii. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji ni viongozi wa kuchaguliwa; wao hulipwa posho kutokana na mapato ya ndani ya Halmashauri, na hawapati pensheni ya watumishi.

Mahali makosa yanapoanzia

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Makosa mengi ya orodha ya mishahara huanza kama ufa mdogo: herufi moja ya jina inayotofautiana kati ya cheti na kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa tofauti katika nyaraka mbili, mtoto ambaye hakuandikishwa, au mwezi mmoja ambao mchango haukuonekana. Mtumishi akiwa kazini, kasoro hizo hurekebishwa kwa barua moja na nyaraka chache. Akishafariki, mzigo huo humwangukia mjane au yatima asiyejua hata cheki namba ya marehemu.

Kwa kawaida familia ya mtumishi aliyefariki hutakiwa kuwasilisha cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na uthibitisho wa mahakama wa uteuzi wa msimamizi wa mirathi, pamoja na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto. Mwenza asiye na cheti cha ndoa, au mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, hulazimika kuvitafuta au kuthibitisha uhusiano huo katika kipindi cha majonzi, pengine huku ndugu wakivutana. Kwa sababu hiyo, watumishi wanashauriwa kufanya mambo matatu mapema: kuhakiki michango yao PSSSF walau mara moja kwa mwaka, kuhuisha taarifa za wategemezi kila panapotokea ndoa, uzazi au msiba, na kumwonyesha mwenza au ndugu anayeaminika zilipo nyaraka hizo.

Nafasi ya mwananchi

Kosa la aina nyingine ni jina kubaki katika orodha ilhali mwenyewe hayupo kazini kwa kufariki, kuacha kazi au kufukuzwa. Uhakiki wa mwaka 2016 uliondoa katika orodha ya Serikali watumishi hewa zaidi ya 10,000. Kila jina la aina hiyo hubeba mshahara ambao ungeweza kumlipa muuguzi au mwalimu halisi. Mfumo pekee hauwezi kujua kwamba mwalimu fulani hajaonekana darasani kwa miezi mitatu. Hilo hujulikana kwanza na mwalimu mkuu, mganga mfawidhi, mtendaji wa kata, na wananchi wenyewe.

Familia iliyofiwa, kwa upande wake, haina budi kutoa taarifa mapema kwa mkuu wa kituo cha kazi. Fedha zinazoendelea kuingia katika akaunti ya marehemu si mali ya warithi. Zitadaiwa, na shauri la mafao litacheleweshwa na deni hilo.

Mwananchi mwenye taarifa ya mtumishi asiyefika kazini anaweza kuifikisha kwa Mtendaji wa Kata, kwa Diwani au katika dawati la malalamiko la Halmashauri. Panapokuwa na dalili za rushwa, TAKUKURU hupokea taarifa bila malipo kwa simu namba 113. Kwa masuala ya mirathi na mafao, familia inaanzia kwa afisa utumishi wa Halmashauri, ikiwa na jina kamili la marehemu, kituo chake cha mwisho cha kazi na, ikiwezekana, hati yake moja ya mshahara. Karatasi hiyo moja, iliyotunzwa vizuri nyumbani, huipunguzia familia safari nyingi za kwenda na kurudi makao makuu ya wilaya.