Je, Wajua Moyo Nao ni Tezi?

Moyo husukuma damu. Hilo kila mwanafunzi analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba misuli yake hutengeneza homoni na kuimwaga katika damu.

Ushahidi ulitoka kwa panya. Mwaka 1981, mjini Kingston nchini Kanada, Adolfo de Bold na wenzake walisaga vyumba vya juu vya moyo wa panya, wakawadunga panya wengine maji yaliyopatikana. Mkojo wa panya hao ukaongezeka mara 10, na chumvi iliyotoka nao zaidi ya mara 30. Mwaka 1988 watafiti wa Japani wakaipata homoni nyingine ya ukoo huohuo, BNP, katika ubongo wa nguruwe. Baadaye ikabainika kwamba inazalishwa hasa na moyo.

Ukuta wa moyo unapovutwa na damu iliyojaa kupita kiasi, seli zake hutoa mnyororo wa asidi amino 108, ambao hukatwa vipande viwili. Kipande cha asidi 32 ndicho BNP yenyewe: huzihimiza figo zitoe chumvi na maji, na huilegeza mishipa. Kile cha 76, NT-proBNP, hakijulikani kuwa na kazi yoyote, lakini hudumu katika damu kuliko mwenzake, na kwa sababu hiyo maabara hukipenda.

Sasa kipande hicho kisicho na kazi kinatafutiwa kazi kubwa: kutabiri ni nani atakayerudiwa na mpapatiko wa atria baada ya matibabu. Katika ugonjwa huo, vyumba vya juu vya moyo huacha kubana, vikabaki vinatetemeka. Damu hutuama, na bonge likiganda humo na kufika ubongoni, ni kiharusi. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walichunguza wagonjwa 45 wakagundua kwamba cheche nyingi zinazouanzisha mpapatiko hutoka ndani ya mishipa iletayo damu kutoka mapafuni. Ndiyo maana leo daktari hupitisha katheta kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, akaunguza kwa joto au kugandisha kwa baridi nyama inayozunguka midomo ya mishipa hiyo. Kovu linalobaki huuzuia umeme kupita.

Hata hivyo, wapo ambao ugonjwa huwarudia. Pengine kovu lina mwanya. Pengine chumba chenyewe kimeshatanuka na kujaa nyuzi ngumu. Tafiti zimeonyesha kwamba wanaorudiwa, kwa wastani, walikuwa na BNP au NT-proBNP nyingi zaidi kabla ya matibabu. Jambo hilo linaingia akilini: ukuta uliovutwa kwa miaka mingi ndio unaomwaga homoni nyingi, na ndio uliochakaa.

Ila wastani si mgonjwa. NT-proBNP hupanda kwa uzee na kwa figo dhaifu, hushuka kwa mtu mnene, na hupanda mpapatiko wenyewe unapokuwa unaendelea siku damu inapotolewa. Vipimo vya uvimbe wa ndani ya mwili, kama CRP, vikitumiwa kwa utabiri huohuo, navyo vina mtego wake: kuunguza moyo peke yake huvipandisha. Ni uvimbe huohuo unaoweza kuuvuruga mdundo katika wiki za mwanzo, na ndiyo sababu madaktari wamezoea kusubiri hadi miezi 3 kabla ya kusema ugonjwa umerudi. Kwa maoni yangu, anayeahidi kutabiri kwa tone moja la damu anaahidi asichonacho. Ukubwa wa chumba cha juu cha kushoto na muda ambao mpapatiko umedumu lazima vihesabiwe pamoja.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama wewe au mzazi wako amefanyiwa tiba hii, majibu mazuri ya maabara yasiwafanye mkaacha dawa za kuzuia damu kuganda. Uamuzi wa kuziacha hutegemea hatari ya kiharusi aliyonayo mgonjwa, na ni wa kufanywa pamoja na daktari wake.