Maumivu Yasiyo na Jeraha

Askari aliyepigwa risasi ya paja haulizwi na mtu kama anaumwa. Damu yake imekwisha kumsemea. Lakini yuko askari mwingine katika vikosi vyetu, na polisi mwingine katika vituo vyetu, ambaye kila kukicha huamka mwili wote ukimwuma kana kwamba amebebeshwa magunia usiku kucha, wala hana jeraha la kuonyesha. Huyo ndiye tuliyeonelea tumzungumze leo, kwa sababu mara nyingi huhukumiwa kabla hajasikilizwa.

Hukumu yenyewe sote twaijua. Jina lake likitajwa mara ya nne kwa mwezi mmoja katika mstari wa wagonjwa, wenzake hutazamana, na sajini wa kombania hucheka kwa puani. Huitwa mtegaji. Ni kweli kwamba watu wa kutegea kazi wapo, na kiongozi asiyeweza kuwatambua hafai kupewa watu. Hata hivyo, kumtambua mwongo ni kazi mbili: kumjua yeye, na kumjua asiyekuwa yeye.

Suala hili si geni katika historia ya majeshi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865, madaktari watatu, Silas Weir Mitchell, George Morehouse na William Keen, waliwatibu askari waliojeruhiwa mishipa ya fahamu katika hospitali ya Turner's Lane, mjini Philadelphia. Mwaka 1864 walitoa kitabu juu ya majeraha hayo. Humo walieleza habari za askari ambao vidonda vyao vilikwisha kufunga, lakini mkono au mguu uliendelea kuwaka kama uliotiwa katika makaa. Wapo walioshinda wameuzungushia mkono kitambaa kilichorowa maji. Yupo aliyemimina maji ndani ya buti ili apate kutembea. Mchakacho wa gazeti, hatua za mtu apitaye wodini, au mtetemo wa bendi ya jeshi, vilitosha kuyazidisha maumivu hayo, ambayo Mitchell aliyapa baadaye jina la kausalgia.

La kuzingatia ni kwamba mwaka ule ule madaktari hao hao waliandika makala juu ya askari wanaojisingizia ugonjwa, pamoja na njia za kuwafichua, mojawapo ikiwa ni kuwalaza kwa dawa ya etha. Hawakuwa basi watu wa kudanganywa kirahisi. Waliwajua waongo vizuri, ndiyo maana ushahidi wao juu ya wale wa kweli una uzito.

Miaka 80 baadaye, katika vita kuu vya pili, daktari mwingine Mmarekani, Henry Beecher, aliyaona mambo kwa upande wa pili. Huko Italia aliwahoji askari waliotoka mapambanoni na majeraha makubwa, akakuta kwamba karibu robo tatu yao hawakuwa na maumivu ya kuwafanya waombe dawa. Mwenye jeraha kubwa hakulalamika. Mwenye jeraha lililopona akalia. Kumbe maumivu hayapimwi kwa ukubwa wa kidonda. Ni taarifa inayoandikwa na ubongo, na taarifa, kama kila afisa ajuavyo, yaweza kupunguzwa au kuongezwa njiani.

Hapo ndipo tunapoufikia ugonjwa uitwao fibromayalgia. Mwaka 1904 daktari William Gowers wa London aliyaita maumivu ya namna hii kwa jina lililomaanisha uvimbe wa nyuzi za mwili, lakini uvimbe huo ulipotafutwa haukuonekana. Mwaka 1990 wataalamu wa maradhi ya viungo wa Marekani walikubaliana juu ya vituo 18 mwilini. Mgonjwa mwenye maumivu yaliyoenea aliyeumia kwa kubonyezwa vituo 11 au zaidi alihesabiwa kuwa nao. Mwaka 2010 walitoa utaratibu mwingine usiohitaji kubonyeza, wakatazama zaidi jinsi maumivu yalivyoenea, uchovu, usingizi usioburudisha, na akili kuwa nzito. Hukadiriwa kwamba watu 2 hadi 4 katika kila 100 wanao. Hugunduliwa zaidi kwa wanawake, lakini wanaume hawakusamehewa.

Chukueni mfano wa lindo. Mlinzi mwema hupiga kelele adui anapokuja. Sasa mfikirieni mlinzi ambaye, kwa kukosa usingizi na kwa hofu ya muda mrefu, hupiga king'ora jani likianguka, paka akipita, upepo ukivuma. Hasemi uongo, kengele anayoipiga ni kengele ya kweli, na kambi nzima huamka kweli. Ndivyo ulivyo mfumo wa fahamu wa mgonjwa huyu. Mguso mdogo, baridi, au kazi ya kawaida hupokewa katika uti wa mgongo na ubongo kama shambulio. Picha ya eksirei haiwezi kuonyesha kosa hilo, na kipimo cha damu vivyo hivyo.

Usingizi tumeutaja kwa makusudi. Mwaka 1975 Harvey Moldofsky na wenzake huko Kanada waliwakatisha watu wenye afya usingizi mzito kwa sauti, usiku baada ya usiku, bila kuwanyima saa za kulala. Watu hao wakaanza kuumwa misuli na kuchoka. Tunadhani hakuna msomaji wa ukurasa huu anayehitaji kuelezwa zaidi, hasa aliyepata kufanya zamu ya usiku wiki tatu mfululizo kisha akalala mchana katika bweni lenye redio nne.

Nchi nyingine zimekwisha kulichukua jambo hili kwa uzito wa kisheria. Vita vya Ghuba vya mwaka 1991 vilikusanya askari wa Marekani karibu 700,000, na wengi walirudi na maumivu, uchovu na usahaulifu usioelezeka. Baada ya mabishano ya miaka kumi, sheria ya mwaka 2001 iliitia fibromayalgia katika maradhi yanayomstahilisha askari wa vita hivyo fidia, bila kudaiwa athibitishe alivyoupata. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya maradhi iliyoanza kutumika Januari 2022, limeyahesabu maumivu sugu, yaani yanayopita miezi mitatu, kuwa yaweza kuwa ugonjwa wenyewe na si dalili tu.

Tiba je? Tulimfahamu mwalimu mmoja wa gwaride aliyetibiwa malaria mara nyingi kuliko alivyopandishwa cheo, kisha akawa mteja wa sindano za diklofenaki kila mwisho wa wiki. Dawa za jamii hiyo hupunguza uvimbe. Palipo na king'ora tu bila adui hazina mengi ya kufanya, na zikitumiwa muda mrefu huumiza tumbo na figo. Morfina na jamaa zake wakali hazishauriwi kwa ugonjwa huu. Amitriptilini kidogo wakati wa kulala, au duloksetini, au pregabalini, huwasaidia baadhi ya wagonjwa, kwa maagizo ya daktari. Pombe humlaza mtu upesi ikamharibia usingizi anaouhitaji.

Lililopewa nguvu zaidi na wataalamu wa Ulaya mwaka 2016 ni mazoezi, na hapo askari hucheka, kwani mazoezi ndiyo kazi yake. Lakini kosa la mwalimu yule lilikuwa hapo hapo. Siku aliyojisikia nafuu alikimbia kilomita kumi kulipa deni la wiki, kisha akalala siku tatu. Daktari alimwanzisha kwa kutembea dakika kumi tu, siku njema na siku mbaya sawasawa, akiongeza kidogo kila wiki. Yeye aliona ni fedheha kutembea kama bibi kizee mbele ya makuruta. Ilimchukua karibu mwaka kurudi uwanjani kwa nusu siku. Maumivu hayakumwacha, ila yalikoma kumwongoza.

Makamanda wanaweza kusaidia bila kulegeza nidhamu. Ratiba ya zamu isiyogeuzwa kila siku mbili, kazi nyepesi ya muda maalumu yenye tarehe ya kukaguliwa upya, na neno la kumwamini mtu, hivi havihitaji bajeti.

Mganga wa kambi, kwa upande wake, asilitumie jina la fibromayalgia kama kapu la kutupia kila kinachomshinda. Kwetu maumivu ya mwili mzima yaweza kuwa bruselosi ya maziwa mabichi, virusi vya UKIMWI, ugonjwa wa tezi au wa viungo, na vipimo vya hayo vitangulie. Mwenye homa isiyokoma, anayepungua uzito, anayetoka jasho usiku, ambaye miguu yake inapoteza nguvu au ameshindwa kuzuia mkojo, huyo asipewe vidonge akarudishwa bwenini. Apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, hata kama gari pekee la kambi limepangiwa safari nyingine.