Serikali isikomee kulazimisha hisabati, iigharamie pia

TANGAZO la Waziri wa Elimu Julius Ogamba mnamo Aprili 2025 kwamba hisabati ingekuwa somo la lazima kwa wanafunzi wote wa sekondari ya juu liliwaridhisha wazazi wengi. Awali, mfumo mpya ulimruhusu mwanafunzi asiyechagua mkondo wa sayansi kulitupa somo hilo. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia darasani Januari 2026.

Hata hivyo, kulifanya somo kuwa la lazima ni jambo moja na kuligharamia ni jingine. Mlipa ushuru ana haki ya kuuliza: kwa nini fedha zake zitumiwe kwa hisabati ilhali zahanati hazina dawa?

Jibu limo humo humo zahanatini. Mwanzoni mwa karne ya 20, wengi waliamini kwamba malaria haingekomeshwa bila kuangamizwa kwa kila mbu, jambo lisilowezekana. Mnamo 1911, mwanasayansi wa Uingereza Ronald Ross alionyesha kwa hesabu kwamba idadi ya mbu ikipunguzwa chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe. Mbinu ya aina hiyo ndiyo iliyotumiwa na watafiti wa Kilifi kukadiria jinsi virusi vya corona vilivyokuwa vikisambaa nchini mnamo 2020.

Mfano wa pili ni mashine ya CT, ambayo hupiga picha za viungo vya ndani vya mwili kipande kwa kipande. Miale hupenya mwilini kutoka pande nyingi, kisha hesabu huunganisha vipimo hivyo kuwa picha moja. Hesabu yenyewe ilifumbuliwa mnamo 1917 na Johann Radon wa Austria, ambaye hakuwa na mgonjwa wala mashine akilini. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo jijini London mnamo 1971, miaka 54 baadaye.

Allan Cormack, mwanafizikia wa Afrika Kusini aliyeanza kulishughulikia suala hilo akiwa Cape Town, alilazimika kuifumbua hesabu hiyo upya kwa kuwa hakujua kwamba Radon alikwisha kuimaliza. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Funzo ni bayana: taifa lisilo na wanahisabati halitambui hata hazina iliyokwisha kuchimbwa na wengine.

Je, kazi hii haiwezi kuachiwa kampuni za kibinafsi? La. Kampuni hutafuta faida ya karibu, nayo kanuni ya hisabati haina mwenyewe. Ikishachapishwa, kila mtu huitumia bila kulipa. Mpanda mnazi hungoja miaka kabla ya kuangua dafu, na anayeweza kungoja kiasi hicho ni serikali.

Aidha, gharama si kubwa. Mtafiti wa hisabati hahitaji maabara ya mamilioni; anahitaji mshahara, vitabu, kompyuta na wenzake wa kujadiliana nao. Taasisi ya Hisabati ya AIMS, iliyoanzishwa Afrika Kusini mnamo 2003, imethibitisha hayo kwa kufunza vijana kutoka pembe zote za bara hili, na ina kituo jijini Kigali.

Kenya nayo haikukosa mwanzo mwema. Mradi wa SMASSE, uliozinduliwa mnamo 1998 kwa msaada wa Japani, uliwanoa walimu wa hisabati na sayansi, na kituo cha CEMASTEA jijini Nairobi kimeiendeleza kazi hiyo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 nayo iliagiza kwamba hazina ya utafiti itengewe asilimia mbili ya pato la taifa. Agizo hilo halijawahi kutimizwa.

Mtafiti wa kesho ni mtoto wa leo anayefundishwa na mwalimu mmoja katika darasa lililofurika. Akilichukia somo kwa kukosa wa kumwelekeza, hakuna hazina ya utafiti itakayomrejesha. Ndiyo maana walimu na watafiti wanapaswa kugharamiwa pamoja, kila mwaka, bila kungoja wafadhili.

Mwanafunzi ameshaagizwa asome hisabati. Sasa ni zamu ya serikali kutii sheria iliyojiwekea.