Hodi Katika Vijiji vya Jadi

Mtu aliyezaliwa Likoni, Kisauni au Changamwe huwajua watalii tangu utotoni mwake. Huwaona Changamwe wakitoka uwanja wa ndege na kwenda kuwatazama wachonga vinyago; huwaona Likoni wakingojea feri ndani ya mabasi yaliyofungwa vioo; huwaona wakipita Kisauni kuelekea mahoteli ya Bamburi na Shanzu. Lakini ni nadra mwenyeji kujiuliza: hawa wageni wanaosemekana wamekwenda kutazama "kijiji cha jadi" huonyeshwa nini hasa? Na hayo wanayoonyeshwa, sisi wenyewe twayajua?

Mimi nilipata kulijibu swali hilo kwa sababu ya mgeni. Binamu yangu, mzaliwa wa Maskati, alikuja kutuzuru Likoni. Kiswahili chake ni kile alichokirithi kwa marehemu nyanya yetu, na alikuja na ombi moja tu. Hakutaka ufuo wala Fort Jesus. Alitaka kuiona nyumba ya udongo na makuti aliyokuwa akisimuliwa na nyanya kila usiku. Nikamzungusha mtaani kwetu asubuhi nzima. Tuliona nyumba za mawe, mabati na ghorofa zinazopanda. Ya udongo na makuti tuliyoipata ilikuwa imeinama upande mmoja, na wenyewe walikwisha kuihama.

Ndipo jirani yetu mmoja akatwambia, nusu kwa mzaha: "Mpeleke Bombolulu, huko nyumba za kale ziko kwa tikiti."

NYUMBA ZA TIKITI

Bombolulu iko upande wa Kisauni, kando ya barabara ya Malindi, mwendo mfupi baada ya kuvuka daraja la Nyali. Wengi wetu twaijua kwa sababu ya karakana zake, zilizoanzishwa mwaka 1969 chini ya Chama cha Walemavu wa Viungo cha Kenya. Humo mafundi wenye ulemavu hutengeneza mapambo ya shaba na ya mbegu, mikoba ya ngozi, nguo na vinyago, pamoja na viti vya magurudumu, na kazi zao huuzwa hata ng'ambo. Baadaye pakaongezwa kituo cha utamaduni, ambamo zimejengwa nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Kenya, na ngoma huchezwa mbele ya wageni.

Tulilipa, tukaingia, tukawa watalii. Sitaficha kuwa niliona haya kidogo, mtu mzima wa Likoni kuoneshwa kinu na mchi kama kwamba ni ajabu. Lakini nyuma yetu walikuwako watoto wa skuli, na mmoja wao alimwuliza mwalimu wake kifumbu ni kitu gani. Haya ikanitoka. Mtoto wa Mombasa, anayekula wali wa nazi kila wiki, hakijui kifumbu! Tui analolijua yeye ni lile la kukamuliwa kwa kitambaa, au la kutoka pakitini.

Binamu yangu alivutwa zaidi na nyumba ya nyasi ya Kimijikenda. Nyumba hiyo, kwa asiyeijua, hufanana na lundo kubwa la nyasi, kwani paa lake huteremka hadi karibu na ardhi, na mlango ni mfupi hata sharti uiname. Ndani yake, kwa desturi, moto wa kupikia huwa chini na uchaga wa nafaka huwa juu yake. Mgeni huuona moshi huo kuwa ni adha. Kumbe moshi ndio uliofukuza wadudu katika mahindi na kuyahifadhi mapaa yasiliwe upesi. Wazee hao hawakuwa na dawa ya duka, lakini walikuwa na akili.

NYUMBA NA SHERIA ZAKE

Hapo nilitambua jambo ambalo picha haiwezi kulichukua. Kila nyumba ya jadi imejengwa juu ya sheria za watu wanaokaa ndani yake. Katika boma la Kijaluo, nyumba ya mke mkubwa ina mahali pake pa kuelekea lango, na wake wengine hufuata kwa mpango. Kijana akibaleghe hujengewa kibanda chake karibu na lango. Asiyeujua mpango huo ataona vibanda vingi tu vilivyotawanyika.

Ya Kiswahili nayo ni hivyo hivyo. Ile nyumba ya vyumba sita tuliyoizoea, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi ukipita katikati, haikupangwa kwa bahati. Mbele ni baraza, na mwanamume mgeni kituo chake ni hapo. Kahawa humjia palepale, na mazungumzo pia. Hapiti ukumbini mpaka abishe hodi na akaribishwe. Nyuma ni uani, na huo ni ulimwengu wa akina mama: jiko, kisima, mbuzi ya kukunia nazi, na siri za mtaa. Yaani stara imejengwa kwa nguzo na fito kabla haijasemwa kwa mdomo.

Na ujenzi wake ulikuwa ni undugu. Nguzo zikishasimama na fito zikishafungwa, siku ya kukandika udongo ilikuwa ni siku ya mtaa mzima. Wanaume walikanyaga udongo, vijana walijaza ukuta, wanawake walipika. Mwenye nyumba alilipa kwa sinia, na kesho alikwenda kwa mwenziwe kukandika. Leo nyumba hujengwa na fundi na vibarua wake, na jirani huiona siku ya kupakwa rangi. Siwalaumu watu. Boriti na fito ni ghali, makuti hutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache, na mabati hayavuji. Lakini ni ajabu ya dunia kwamba makuti, yaliyokuwa kivuli cha maskini, sasa ni pambo la mahoteli ya ufuoni, na sisi twalipa tikiti kukaa chini yake.

Binamu yangu aliuliza swali moja pale Bombolulu ambalo sikuweza kumjibu upesi: "Hizi ni nyumba nzuri, lakini hodi nimpigie nani?" Kweli, nyumba ya maonyesho haina mwenyewe wa kukukaribisha. Inakufundisha umbo, na hiyo ni faida kubwa. Adabu yake lazima uitafute pengine.

KIJIJI CHENYE WENYEWE

Kwa hiyo siku ya pili tulianza safari Likoni kwenda kusini, matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk hadi Kinondo, upande wa Kwale. Huko kuna Kaya Kinondo, msitu wa Wadigo wa kiasi cha hektari 30, karibu na bahari. Wasomaji wengi wajua kwamba kaya zilikuwa vijiji vya Wamijikenda vilivyofichwa msituni, vyenye njia maalumu za kuingilia, ili kujikinga na maadui. Watu walipohama kwenda kulima nje, kaya zikabaki kuwa mahali pa makaburi na maombi ya wazee. Mwaka 2001 wazee wa Kinondo waliwafungulia wageni mlango, kwa masharti. Mwaka 2008 kaya kadhaa, Kinondo ikiwa mojawapo, ziliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Masharti yenyewe ni haya. Mgeni hujifunga kaniki kiunoni. Haingii bila ya kuongozwa na mwenyeji. Hachumi jani, haokoti kijiti wala jiwe. Wanaume na wanawake hawakumbatiani wala kubusiana. Na ziko sehemu ambazo mgeni hafikishwi kabisa, ajapokuwa na pesa za kununua hoteli nzima.

Binamu yangu alisita penye kaniki. Yeye ni mtu wa dini, akahofu asije akashiriki katika jambo lisilo lake. Mzee aliyetupokea, naye ni Mwislamu kama walivyo Wadigo wengi, alicheka kwa upole akamwambia kwamba hapana anayetakiwa kuabudu chochote. Kaniki ni heshima ya mahali, mfano wa kuvua viatu unapoingia nyumba ya watu. Atakaye hujifunga, asiyetaka hubaki nje akanywa dafu, na hakuna ugomvi. Binamu akajifunga. Tulitembea kimya kati ya miti mikubwa, tukaelezwa upi ni dawa ya tumbo na upi ni wa homa, na kwa mara ya kwanza katika safari yetu tulikuwa wageni hasa, si watazamaji.

WANAOBEBA WASICHOPEWA

Msomaji asidhani masharti hayo ni ukali wa bure. Wenyeji wana sababu. Katika kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni kaya ya Wadigo, hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990 ijapokuwa wazee walipinga. Na kwa ndugu zao Wagiriama yalitokea makubwa zaidi. Wagiriama husimamisha vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kwa ajili ya kuwakumbuka wazee wa chama cha Gohu waliofariki. Vigango viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wafanya biashara, vikaishia katika makumbusho na majumba ya matajiri ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 viligunduliwa katika makumbusho mawili ya Marekani, na vikarudishwa kwao mwaka 2007. Vingine vimerejeshwa baadaye, lakini vingi havijulikani viliko.

Sisi Waislamu tunayo mafunzo yetu kuhusu makaburi, na hapa si mahali pa kuyajadili. Lakini wizi ni wizi, na kumbukumbu ya marehemu wa jirani si kipambo cha kutundikwa ukutani. Aliyekinunua kigango alisema anapenda utamaduni. Alichokosa ni hodi.

YATUPASAYO

Basi vijiji vya jadi si vya kudharauliwa, wala si mchezo wa Wazungu peke yao. Nawasihi wazazi wa bara ya Mombasa wawapeleke watoto wao Bombolulu siku moja ya likizo, waone kinu, uchaga na kifumbu, na wawaone mafundi wanaokula jasho lao bila ya kumwomba mtu. Na wakipata nafasi, wavuke kwenda Kinondo. Lakini waende kwa adabu ya nyumbani: waombe kabla ya kupiga picha, wasikilize kabla ya kuuliza, wasichukue wasichopewa.

Na kabla ya tikiti yoyote, wakae na wakongwe waliobaki majumbani mwetu, wawaulize nyumba yao ya kwanza ilikandikwa na nani, na sinia ya siku hiyo ilikuwa na chakula gani. Binamu yangu amerudi Maskati na daftari la mambo hayo, ambayo aliyaandika kwa kuwauliza vizee wa Likoni jioni baada ya jioni. Nami nilikuwa nimeketi kando yake, na mengi katika hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.