Msosi wa jioni bila nyama, na kitindamlo juu

Tarehe ni 23. Umeshuka matatu saa moja na nusu jioni, njaa inakukata, na salio lililo kwenye simu linaweza kukufikisha mwisho wa mwezi iwapo tu utakaa kwa adabu. Buchari iliyo kando ya steji imening'iniza paja la ng'ombe chini ya taa. Hatua chache mbele, mama mboga naye bado hajafunga. Kila jioni unampita ukiamini kwamba kwake kuna mboga tu, na kwamba chakula chenyewe kiko kule kwa buchari.

Leo acha nikubishie.

Kinachofanya wengi wetu tuone msosi usio na nyama kama adhabu ni maharagwe tuliyolishwa bwenini. Unayakumbuka. Yalichemshwa kwa maji na chumvi, hayana kitunguu, hayana mafuta, na juu yanaelea wadudu wawili watatu ambao wasee walikuwa wakiwaita protini ya bure. Siku ya kumaliza Kidato cha Nne uliapa hutayagusa tena. Ila nenda Mombasa asubuhi uone watu wenye akili timamu wamesimama wakingoja mbaazi za nazi na mahamri. Nazo ni nafaka za ganda tu, ndugu za yale maharagwe yako. Tofauti iko kwenye sufuria.

Na mtu asikwambie kula bila nyama ni mambo ya watu wa Karen wenye mbwa wa kutembezwa jioni. Wakamba wana muthokoi, Waluhya wana mushenye wa viazi vitamu na maharagwe, Wataita wana kimanga, nayo githeri haihitaji utambulisho. Ngara na Parklands kuna jamii za Wahindi ambazo vizazi na vizazi hazijaonja nyama na bado zina sherehe za kula hadi mtu afungue mshipi. Hoteli za Waethiopia zilizo hapa Nairobi nazo zina sinia zima la mfungo, kwa sababu waumini wa Orthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa. Jirani yako Rasta je? Umewahi kumwona akikosa nguvu?

Watu hawa wote wanajua jambo moja. Hawachukui mchuzi wa nyama wakaondoa nyama. Wanaanza na mafuta na kitunguu kilichoiva sawasawa, kisha wanatia kitu cha kuufanya mchuzi uwe mzito: tui, karanga zilizosagwa, au dengu zenyewe zikivurugika. Mwishoni huja kitu kichachu kidogo, kama limau au ukwaju. Ukishika hapo, umeshika karibu kila kitu.

Ndengu za tui, za siku ya kazi

Anza na ndengu kwa sababu moja ya kibedsita: gesi. Maharagwe makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili. Ndengu, hata usipoziloweka, zinaiva kwa takriban dakika 40. Ukiziloweka asubuhi kabla ya kwenda job, zinaiva upesi zaidi na mtungi wako wa kilo 6 unakushukuru.

Kikombe kimoja cha ndengu kinatosha watu watatu, au wewe mwenyewe leo na kesho mchana. Zichambue, kwa maana kijiwe kimoja kikipatana na jino lako utajuta. Zioshe, zichemshe kwa vikombe vitatu hadi vinne vya maji, ufunike, moto uwe wa wastani. Zikifika pale ambapo ukiminya moja kati ya vidole inavurugika, zima.

Sasa sufuria ya pili, na hapa usiwe na haraka. Mafuta vijiko vitatu vya mezani, vitunguu viwili vilivyokatwa vyembamba. Wengi hutupa nyanya kitunguu kikiwa bado cheupe, halafu wanashangaa kwa nini mchuzi una ladha ya kitunguu kibichi. Kiache kibadilike rangi kiwe kama majani ya chai yaliyofifia. Dakika 8, pengine 10. Ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi vilivyopondwa, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, na nyanya mbili. Nyanya ziive hadi mafuta yaanze kujitenga kando. Mimina ndengu na maji yake kidogo, chumvi, acha zitokote dakika 10.

Tui huja mwisho. Kama umenunua nazi nzima, itikise kwanza usikie maji ndani. Ikiwa kimya, mrudishie mwenyewe. Huna mbuzi ya kukunia? Ng'oa nyama ya nazi kwa kisu, ikate vipande vidogo, isage kwa blenda na kikombe cha maji ya vuguvugu, kisha ukamue kwa kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito. Ukirudia kwa maji mengine unapata tui jepesi. Tia tui zito kwenye ndengu, moto uwe mdogo, na ukoroge bila kufunika hadi lichemke taratibu. Ukiliacha lifurike peke yake litakatika, uone mabonge meupe yakielea. Bado linalika, ila sura imeharibika. Kamulia nusu limau, tupia dania, pakua na wali au chapo.

Tui la pakiti ni sawa pia. Watu wa Pwani watanisamehe.

Maharagwe, hii soma vizuri

Maharagwe ni ya wikendi, unapokuwa nyumbani. Na kuna jambo hapa ambalo halina mzaha. Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoweza kukutapisha na kukuharisha ndani ya saa chache. Machache tu, manne au matano yasiyoiva, yanatosha. Sumu hiyo inaondoka kwa mchemko wa nguvu, ila moto hafifu haufiki hapo. Maharagwe yaliyopashwa pole pole bila kuchemka yanaweza kuwa mabaya kuliko mabichi. Wale wenye sufuria za umeme za kupika polepole, mmesikia.

Kwa hivyo loweka usiku kucha, angalau saa 5. Maji hayo yamwage, usiyapikie. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu, mapovu yakiruka, kwa dakika 30, ndipo upunguze moto na uendelee hadi yalainike. Kuyamwaga maji ya kuloweka kunapunguza pia ile gesi nyingine ambayo huhitaji ukiwa kwenye matatu.

Usitie nyanya wala limau kabla hayajaiva. Kitu kichachu hukaza ganda, na utakaa ukingoja hadi mechi iishe. Yakishaiva, yaunge kama ulivyounga ndengu. Ukipenda ya Kipwani, tia tui na pilipili mbichi nzima bila kuipasua, inukie tu.

Kama una friji, chemsha mengi Jumapili, yapoze haraka, ugawe kwenye mikebe na kuyagandisha bila kitunguu wala tui. Chakula cha tui huchacha upesi, kwa hivyo tui ni la kile utakachokula leo. Kama huna friji, usijisumbue na sufuria ya siku nne. Baki kwa ndengu na kamande, ambazo unapima za jioni hiyo tu.

Mboga ya karanga, ya dakika 20

Hii ni ya ile jioni ambayo huna nguvu hata ya kuvua viatu. Chukua fungu la terere, managu, kunde au sukuma. Mama mboga atakukatia ukimwomba vizuri. Osha kabla ya kukata, au mwambie akuoshee kwanza, maana ukiosha mboga iliyokwisha kukatwa unamwaga na uzuri wake.

Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, geuza. Pembeni, koroga vijiko vitatu vya karanga zilizosagwa ndani ya nusu kikombe cha maji ya moto hadi ziwe kama uji. Soma kopo kwanza: nyingine zimetiwa sukari, na hutaki sukuma tamu. Mimina juu ya mboga, punguza moto, koroga kwa dakika 5 hadi 7, kwa sababu karanga hushika chini ya sufuria kwa wivu. Managu yakiwa machungu, maziwa kidogo yanayatuliza. Kula na ugali. Ukimaliza, niambie kama uliikumbuka ile buchari.

Kuna biringanya pia, ila siipigii debe sana. Ukiitia mafuta machache inakuwa kama sponji, ukiitia mengi inayanywa yote. Kama unaipenda, ikate duara, ipake chumvi, ikaange kavu kwanza, kisha uiunge kwenye mchuzi uleule wa karanga.

Na mwili je?

Swali la shangazi kila Krismasi: utapata wapi nguvu? Ndengu kavu zina takriban gramu 24 za protini kwa kila gramu 100, na maharagwe hayako mbali. Ukila pamoja na wali, ugali au chapo, kinachopungua kwa nafaka kinajazwa na ndengu, na kinachopungua kwa ndengu kinajazwa na nafaka. Githeri ilikuwa imelijua hilo kabla ya maabara.

Madini ya chuma yako kwenye mboga za majani na maharagwe, ila mwili huyachukua kwa ugumu kuliko yale ya nyama. Limau, nyanya na chungwa husaidia. Chai huzuia. Dada zangu hasa, maana kila mwezi mnapoteza damu: isukumeni hiyo chai ya jioni saa moja hivi baada ya chakula badala ya kuinywa na chapo na ndengu.

Kitu kimoja ambacho mimea haitakupa ni vitamini B12. Ukila mayai au kunywa maziwa, unaipata. Ukiacha vyote hivyo kabisa, tafuta vyakula vilivyoongezwa B12 au uulize mfamasia kuhusu vidonge. Upungufu wake hujificha kwa miaka kisha unakuja kama uchovu, kufa ganzi vidole na upungufu wa damu. Anayekuambia majani yanatosha kwa kila kitu anakupenda, lakini hakwambii ukweli.

Sasa utamu

Kitindamlo watu hukiona ni cha hoteli au keki ya kununua. Kumbe ile ndizi unayoiona kwa mama mboga imeanza madoa ndiyo yenyewe. Ndizi za tui huliwa sana Pwani wakati wa futari, na hazitaki yai, siagi wala jiko la kuokea. Ukipata mkono wa tembo, bora zaidi. Ukikosa, tumia ndizi yoyote mbivu ambayo bado imeshikana.

Menya ndizi nne, zikate kila moja mara mbili, zipange sufuriani zisirundikane. Mwagia tui jepesi kikombe kimoja, sukari vijiko viwili, chembe ya chumvi na punje tatu za iliki zilizopondwa. Ziive kwa moto mdogo dakika 15 hivi. Kisha tia tui zito nusu kikombe, dakika 5 nyingine. Usizikoroge kwa mwiko, zitavunjika. Shika sufuria na uizungushe. Mchuzi ukishikana na ndizi, zima. Zikipoa kidogo ndipo utamu unatokea.

Tambi za sukari ni za mvivu. Kaanga tambi nyembamba kwenye mafuta hadi ziwe za dhahabu, usimamie hapo hapo kwa sababu zinaungua ghafla, tia maji ya moto au tui jepesi ya kuzifunika tu, sukari, iliki, zabibu kavu kama una doo ya zabibu. Funika, moto mdogo, hadi zikauke.

Wakija marafiki, fanya kaimati. Unga wa ngano vikombe viwili, hamira kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko, maji ya vuguvugu kidogo kidogo hadi upate rojo zito linalodondoka kwa uzito wake. Lipige kwa mkono dakika kadhaa, funika, liache saa moja liumuke. Pasha mafuta, chota kwa mkono au kijiko, dondosha vibonge vidogo, uvigeuze bila kuchoka hadi viwe vya kahawia. Shira ni sukari kikombe kimoja na maji nusu kikombe, ichemke hadi ianze kunata kati ya vidole. Ijaribu ikiwa imepoa kwenye kijiko, si ikiwa motoni, bana. Zungusha kaimati ndani yake zikiwa za moto. Zisipomalizwa usiku, ziko sawa na chai ya asubuhi, ila zifiche mbali na mwenzako wa nyumba, kwa sababu yeye huamka mapema kukushinda.